Mkataba Ni wa Watu Wawili

Ligi inapokwisha na nyavu zikafunguliwa milingotini, mchezo mwingine huanza. Mchezo huo hauna mpira wala refa, na dakika zake hazihesabiwi. Huchezwa kwa kalamu na karatasi ndani ya ofisi za klabu, na watazamaji wake hawaoni lolote ila matokeo. Huu ndio mchezo wa kuuza, kununua, kuazima na kuachilia wachezaji.

Katika Kitui na Makueni watu huufuata mchezo huu kwa shauku kubwa, pengine kubwa kuliko ile ya uwanjani. Sababu yake si ngumu kufahamika. Klabu kubwa za nchi zina makao yake mbali na Ukambani, na mpenzi wa mpira wa Mutomo au Kibwezi huzijua zaidi kwa masikio kuliko kwa macho. Kwake yeye habari ya bao na habari ya usajili zote ni habari. Zote humfikia kwa njia moja. Kwa hiyo, tangu Mwingi hadi Mtito Andei, barazani mwa maduka na ndani ya matatu, utasikia watu wakinena juu ya nani amekwenda wapi na kwa bei gani, kana kwamba kila msemaji ni mweka hazina wa klabu. Hutajwa Gor Mahia na AFC Leopards, Simba na Yanga, Arsenal na Manchester United. Fedha zinazonenwa si za msemaji, lakini uchungu wake ni kama zimetoka mfukoni mwake.

Mimi sina ugomvi na mazungumzo hayo. Mtu aliyefanya kazi tangu alfajiri katika shamba la pojo ana haki ya kupumzika kwa maneno matamu. Ugomvi wangu ni na hukumu mbili ambazo hutolewa katika mabaraza hayo kila mwaka, na ambazo vijana wetu huzirithi bila kuzichungua.

Hukumu ya kwanza husema hivi: mchezaji akitaka kuondoka kabla ya muda wake, asiachwe, alitia sahihi mwenyewe, basi atumike mpaka siku ya mwisho. Hukumu ya pili husema hivi: mchezaji akipungukiwa na nguvu, au akiumia goti, na bado mshahara wake ni mkubwa, huyo ni mzigo, atupwe, auzwe, abadilishwe na mwingine, kwani anakula fedha za bure.

Msomaji, weka hukumu hizi mbili sako kwa bako uzitazame. Ya kwanza yasema mkataba ni kitu kitakatifu kisichovunjwa. Ya pili yasema mkataba ni karatasi tu, ikichosha ichanwe. Zawezaje kukaa katika kichwa kimoja? Zakaa kwa sababu moja tu: katika hukumu zote mbili anayebanwa ni mchezaji. Mkataba unapomfaidi mwenye klabu twauita ahadi. Unapomfaidi mchezaji twauita mzigo. Huku si kupenda mchezo. Huku ni kupima kwa mizani miwili, na kupima kwa mizani miwili ni dhuluma, hata kama anayepima amevaa fulana ya rangi nzuri.

Mkataba ni nini? Ni ahadi ya watu wawili iliyoandikwa. Mmoja aahidi kazi, wa pili aahidi ujira, na wote wawili waahidi muda. Wahenga walisema ahadi ni deni. Hawakusema ahadi ya maskini ni deni na ahadi ya tajiri ni hisani. Kwa hiyo mkataba ukiwa mzito, swali la kwanza si nani anaufaidi, bali nani aliuandika. Aghalabu utaona kwamba kalamu ilikuwa mikononi mwa mtu yule yule anayelia leo.

Ushahidi wa jambo hili upo hata katika michezo ambayo wengi wetu hatujaicheza. Wamarekani wana mchezo unaoitwa besiboli, ambao mpira mdogo hurushwa kwa mkono na kupigwa kwa gongo. Mwaka 2000 timu ya New York Mets haikumtaka tena mchezaji wake Bobby Bonilla, lakini bado alikuwa akiidai dola milioni 5.9 za mkataba wake. Badala ya kumlipa wakaachana, timu ilikubaliana naye kwamba angoje, na fedha zile zizae riba. Mapatano yakawa hivi: tangu mwaka 2011 hadi mwaka 2035, kila tarehe 1 Julai, atalipwa dola 1,193,248. Bonilla aliacha kucheza kabisa mwaka 2001. Mpaka leo malipo yanaendelea, na kila Julai wapenzi wa besiboli humcheka kama mtu aliyeiba kwa ujanja.

Lakini Bonilla hakuiba kitu. Wenye timu wenyewe walikubali kungoja. Walikuwa wameweka fedha zao kwa mtu mmoja jina lake Bernard Madoff, wakitumaini kwamba faida watakayoipata kwake itazidi riba watakayolipa. Mwezi wa Desemba mwaka 2008 ikabainika kwamba biashara ya Madoff ilikuwa ulaghai mtupu, na faida zake zilikuwa za karatasi. Basi mzigo ule ulifungwa na nani? Ulifungwa na tamaa ya wenye mali. Mchezaji alikubali kulipwa polepole alichokuwa akidai tayari. Hata hivyo jina lililobaki katika kicheko ni la mchezaji, si la wale waliokosea hesabu.

Sasa na turudi nyumbani, ambako mzigo huwa na sura nyingine. Huku kwetu mchezaji hasumbui klabu kwa mamilioni yasiyokwisha. Husumbuliwa na mshahara usiofika. Mwaka 2019 kampuni ya kamari ya SportPesa, baada ya kuvutana na serikali ya Kenya, iliondoa ufadhili wake katika mpira wa nchi hii. Gor Mahia na AFC Leopards, klabu kongwe zenye wapenzi kila kaunti, zilibaki bila mfadhili huyo zilizomtegemea. Mwezi wa Desemba mwaka ule kocha wa AFC Leopards, Andre Casa Mbungo wa Rwanda, aliondoka kwa sababu ya kutolipwa mshahara. Madai yake na ya wachezaji wa kigeni yalifika FIFA, shirika linalosimamia mpira ulimwenguni, na mwaka 2021 klabu hiyo ikazuiwa kusajili wachezaji. Gor Mahia nayo imewahi kuzuiwa vivyo hivyo kwa madeni ya namna hiyo.

Tazama jinsi wapenzi wengi walivyopokea habari hizo. Walisema wageni wametuharibia klabu. Wamekimbilia FIFA badala ya kuvumilia. Kuvumilia! Mtu aliyeacha nchi yake kwa ahadi ya mshahara, akakaa miezi bila ujira, akidaiwa kodi ya nyumba na watoto wakimngoja kwao, ndiye anayetakiwa uvumilivu. Na aliyetoa ahadi asiyokuwa na fedha za kuitimiza haulizwi neno. Ikiwa mwajiri wa shamba angemfanyia hivyo mpwa wako, ungemwita mnyang'anyi. Kwa nini akiwa mwenye klabu unamwita mpenzi wa mchezo? Sheria za FIFA zenyewe zimekata shauri hili: mchezaji asipolipwa mishahara ya miezi miwili, aweza kuitaka klabu imlipe ndani ya siku kumi na tano, na isipolipa ana haki ya kuvunja mkataba. Maana yake ni kwamba aliyeuvunja kwanza ni yule asiyelipa. Mchezaji huondoka katika nyumba ambayo paa lake limekwisha kuezuliwa na mwenye nyumba.

Haya ni kwa mkataba unaomnyima mtu ujira. Uko na mkataba unaomnyima mtu njia. Mwezi wa Desemba mwaka 2022, Feisal Salum, kijana wa Zanzibar aliyekuwa akiichezea Yanga ya Dar es Salaam, alitaka kuondoka kabla ya muda wake kwisha. Aliweka katika akaunti ya klabu shilingi za Tanzania milioni 112, akiamini kwamba kwa fedha hizo amekwisha kuununua uhuru wake kama mkataba ulivyosema. Yanga ilikataa. Mwezi wa Januari mwaka 2023 kamati ya shirikisho la mpira la Tanzania ikaamua kwamba yeye bado ni mchezaji wa Yanga, na alipoomba shauri litazamwe tena, hakufaulu. Akakaa miezi nje ya uwanja katika umri ambao mguu wa mchezaji una thamani kubwa kabisa. Nchi nzima iligawanyika, na maneno juu ya shauri hilo yalifika hadi Kenya. Mwezi wa Juni mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa na Yanga katika karamu ya Ikulu, aliwataka viongozi wa klabu walimalize jambo hilo. Baada ya siku chache tu Feisal akawa mchezaji wa Azam.

Sisemi kwamba kamati iliamua kinyume cha sheria, wala kwamba kijana yule alifuata njia iliyo sawa. Waliosoma karatasi zile waliamua kwa walichokisoma. Nasema jambo moja: mkataba unaohitaji neno la Rais ili ufunguke haukufungwa vizuri tangu mwanzo. Pande mbili zilitia sahihi maneno yale yale, na kila upande ukaelewa jambo lake. Mchezaji alidhani ana mlango. Klabu ilijua ni dirisha lenye nondo. Wanaosema "alitia sahihi mwenyewe" wajiulize: alitia sahihi akiwa amefahamu nini? Sahihi isiyo na ufahamu ni wino tu.

Marekani kulikuwa na hali mbaya kupita hiyo. Kwa miaka mingi mchezaji wa besiboli hakuwa na mlango wala dirisha: mkataba wake ulipokwisha, timu ilikuwa na haki ya kumshika tena, au kumpeleka kokote bila kumwuliza. Mwezi wa Oktoba mwaka 1969 Curt Flood, aliyekuwa ameichezea St. Louis kwa misimu kumi na miwili, aliarifiwa kwamba amebadilishwa na wenzake na kupelekwa Philadelphia. Akakataa. Tarehe 24 Desemba mwaka ule alimwandikia barua mkuu wa mchezo kwamba yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa pasipo kutakwa shauri. Watu walishangaa, maana mshahara wake ulikuwa dola 90,000 kwa mwaka, fedha nyingi sana kwa siku zile. Walidhani mshahara mnono hulipia na hiari ya mtu. Flood alipeleka shauri lake hadi Mahakama Kuu ya Marekani, akashindwa mwaka 1972 kwa kura tano dhidi ya tatu, na mchezo wake ukawa umekwisha. Lakini mwaka 1975 mwamuzi wa mashauri ya kazi aliwafungulia wachezaji wengine wawili njia ile ile aliyokuwa akiipigania, na tangu hapo mchezaji wa besiboli aliyetimiza muda wake aweza kuchagua aendako. Alipanda mti, wengine wakala matunda.

Watu wa Ukambani hawana haja ya kufundishwa somo hili na Wamarekani. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilisema ng'ombe wa Wakamba ni wengi kupita nchi yao, ikawakamata na kuwauza kwa bei ya chini. Makueni wakati ule ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos. Maelfu ya watu, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi kumtafuta Gavana, wakakaa huko majuma kadhaa wakidai mali yao. Muindi Mbingu alikamatwa na kuhamishiwa Lamu, lakini serikali ililazimika kuacha kuwauza ng'ombe kwa nguvu. Wale wazee na akina mama hawakuwa watu wasiojua kuuza. Wakamba walikuwa wafanya biashara mashuhuri kabla ya Mzungu wa kwanza kuiona Kitui. Misafara yao ilifika pwani na kurudi. Walichokikataa si biashara. Walikataa kuuziwa mali yao bila hiari yao na kwa bei wasiyoikubali. Ikiwa babu zetu walitembea hadi Nairobi kwa ajili ya ng'ombe, wajukuu wao wawezaje kushangilia mtu mzima akiuzwa kama ng'ombe?

Tazama pia miembe ya Makueni. Kila mkulima anamjua mlanguzi anayekuja mti ukiwa bado katika maua. Huuzunguka, huutazama, kisha hutaja bei ya mti mzima. Mkulima aliye na karo ya shule ya kulipa hukubali. Miezi ikipita, mti huzaa kwa wingi, na mlanguzi huvuna faida ambayo mkulima huiona kwa macho tu. Ndiyo maana serikali ya kaunti ilijenga kiwanda cha matunda Kalamba, ili mkulima awe na mnunuzi mwingine wa kumpelekea maembe yake. Kijana mwenye kipaji hununuliwa kwa namna iyo hiyo. Huendewa akiwa maua, hupewa viatu na ahadi, hutia sahihi ya miaka mingi kwa haja ya siku moja. Na akizaa matunda, huambiwa kwamba matunda si yake.

Najua nitajibiwa. Nitaambiwa kwamba klabu hutumia fedha na muda kumlea mchezaji, naye akiondoka ovyo, klabu ndogo zitakufa. Jibu hili lina nguvu, wala silidharau. Klabu inayomchukua mtoto akiwa hajui kupiga pasi, ikamfundisha, ikamlisha na kumtibu, ina haki ya kurudishiwa jasho lake. Lakini haki hiyo imekwisha kuwekewa njia. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla ya mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya malipo hugawiwa zile klabu zilizomlea tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Mwaka 2013 Victor Wanyama, Mkenya, alipohama Celtic ya Uskochi kwenda Southampton ya Uingereza, bei yake ilitajwa kuwa pauni milioni 12.5. Asilimia 5 ya fedha hizo ni pauni 625,000, na kila klabu iliyokuwa na sehemu katika malezi yake ilikuwa na sehemu katika fedha hizo. Lakini hugawiwa nani? Hugawiwa mwenye kumbukumbu, mwenye kuthibitisha kwamba kijana huyu alikuwa kwetu tangu siku fulani hadi siku fulani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Klabu nyingi za vijijini hazina orodha, hazina tarehe, hazina karatasi hata moja. Dawa ya hasara yao ni daftari, si mnyororo.

Nitaambiwa tena kwamba wachezaji nao ni walafi: hutia sahihi leo, na kesho wakiona fedha zaidi huugua ugonjwa usiojulikana na daktari. Wapo, wala siwatetei. Mchezaji anayevunja ahadi pasipo sababu amewakosea klabu yake, wenzake na wapenzi wake, na astahili adhabu. Muungwana ni kitendo, na uungwana haumhusu mwenye klabu peke yake. Mkataba ulio sawa humbana huyo pia. Ninachokikataa ni kumpa mmoja fimbo na kumpa mwenziwe mgongo.

Msomaji kijana, maneno haya yanakuhusu zaidi ya unavyodhani, kwani biashara hii haikukomea katika klabu. Imebisha hodi katika shule. Wajua wewe mwenyewe jinsi, wakati wa likizo, shule yenye tamaa ya vikombe inavyoweza kumwendea mvulana mwenye shuti kali au msichana mwenye kurusha voliboli vizuri, ikamwahidi karo ya bure akihama. Kwa mtoto wa maskini ahadi hiyo ni kubwa, na mara nyingine humwokoa kweli. Lakini mara nyingi haiandikwi popote. Akiumia kifundo cha mguu katika mwezi wa pili, karo hurudi, godoro hudaiwa, na yule aliyebebwa mabegani hujikuta hana timu, wala shule, wala mtu wa kumlaumu. Huo ndio mkataba mbaya kupita yote: ule ambao upande mmoja umeahidi kwa mdomo na upande wa pili umelipa kwa mwili.

Basi nini kifanywe? Kwanza, usikubali ahadi ya hewani. Mwalimu au kiongozi anayekupenda hatachukia kuandika aliyoyasema. Anayechukia kuandika amekwisha kukuambia nia yake. Andikeni ni karo ya miaka mingapi, na andikeni itakuwaje ukiumia. Pili, soma kila neno, na usipofahamu uliza. Si aibu kuuliza maana ya kifungu. Aibu ni kukaa miaka mitano chini ya kifungu usichokifahamu. Jiulize mambo manne: nitalipwa nini na lini, ni kwa muda gani, nikiumia nani atanitibu, na nikitaka kutoka, mlango uko wapi na ufunguo wake ni kiasi gani. Mkataba usiojibu maswali hayo manne haujawa mkataba.

Tatu, jua umri wako na sheria yako. Katika Kenya mtu hutimiza utu uzima akiwa na miaka 18. Kabla ya hapo mzazi au mlezi wako ana sehemu katika kila karatasi. Kanuni za FIFA hazikubali mkataba wa mchezaji uzidi miaka mitano isipokuwa sheria za nchi zinaruhusu, na wa aliye chini ya miaka 18 usizidi miaka mitatu. Tena hukataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja hadi nyingine, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Kwa hiyo mtu akifika kwenu akisema atakupeleka Ulaya ukiwa na miaka 15, na kwamba baba auze ng'ombe wawili ili kugharamia safari, usishughulike kupanga nguo. FIFA hutangaza orodha ya mawakala wenye leseni. Mwulize jina lake, ulitafute humo. Nne, ukidhulumiwa usinyamaze. Liko Baraza la Kuamua Migogoro ya Michezo lililowekwa na Sheria ya Michezo ya mwaka 2013, na kiko chama cha wachezaji wa mpira wa Kenya cha kuwatetea. Haki isiyodaiwa hulala, na ikilala sana hufa.

Na kwa wewe usiyecheza bali watazama tu, nina ombi moja. Wakati wa usajili utakapofika tena, na habari za fedha zikaanza kuenea kutoka Kitui mjini hadi Kibwezi, jizuie kidogo kabla ya kumwita mtu mzigo. Uliza nani aliutwika mkataba ule uzito wake. Uliza mishahara ya mwaka uliopita imelipwa. Uliza kama klabu yako inayotangaza wachezaji wapya kumi imewamaliza madeni wale kumi wa zamani. Maswali hayo hayana shangwe, lakini viongozi wa klabu huyaogopa kuliko matusi ya uwanjani, kwa maana mpenzi anayeshangilia kila usajili hulipa kiingilio bila kuuliza hesabu, na kiongozi mvivu hapendi kitu kama hicho.

Mpira ni mchezo, lakini mguu unaoupiga ni wa mtu. Mtu huyo ana mama Mwingi, au ana mdogo wake anayesoma Wote. Ana miaka michache ya nguvu, na baada ya hapo maisha marefu ya kuishi kwa alichokiweka. Mwenye klabu ana haki ya kudai jasho alilolinunua, na mchezaji ana haki ya kudai ujira alioahidiwa. Haki hizi zimefungwa kwa uzi mmoja. Anayekata upande wa mwenziwe amekata na upande wake.